Kilemba cha Fundi wa Vipira

Watu husema Tanga ni waja leo, waondoka leo. Aliyeutunga msemo huo hakumjua Mwanamvua Semkiwa. Yeye alikuja Ngamiani kusindikiza harusi ya binamu yake, akaolewa na fundi, akafiwa na fundi, akawa fundi mwenyewe, na sasa mvi zimemjaa kichwani na kuondoka kumemshinda.

Asubuhi hiyo alikuwa stesheni, begi begani, mkononi kabeba mkate wa kumimina aliouoka kwa ajili ya dada yake Mashavu. Treni ya Kigoma ilikuwa imeshafungua milango. Mwanamvua aliinua mguu apande, na bangili iliyo kwenye kiwiko cha mkono wake wa kulia ikaanza kupata joto.

"Aa, hapana," akasema kwa sauti ya chini. "Leo niache."

Bangili haikumwacha. Iliongea kwa ile sauti yake ya upole, sauti ya mtu anayekuarifu msiba wa jirani. "Landrova ya Soni. Kipira cha breki, gurudumu la nyuma kushoto. Kimechoka. Mkono unaitwa."

Mlango wa treni nao ukasikia, maana siku hizi vitu vyote vinasikilizana. Ukajifunga mbele ya pua yake na kumtakia safari njema siku nyingine.

"Mama, unapanda au unatuchungulia?" akauliza mwanamke mmoja nyuma yake kwenye foleni.

"Pita, mwanangu. Mimi nilikuja kuagana tu."

Mlango ukafunguka tena kwa ajili ya yule mwanamke, naye akapanda, na wote waliokuwa nyuma yake wakapanda. Mwanamvua alibaki na mkate wake. Hakulia. Alikasirika, na hasira ilimsaidia kutembea mpaka nyumbani.

Tuseme ukweli, kazi yenyewe ilikuwa ndogo ya kuchekesha. Barabara zote zilikuwa za magari ya mkondo, yale yasiyo na usukani, yanayofuatana yenyewe kama siafu. Magari ya zamani ya kuendeshwa kwa mikono na miguu yalikuwa yamebaki kwa wapenzi wachache: daktari mstaafu wa Soni na Landrova yake, kina mama wawili wa Korogwe waliorithi Pijo ya baba yao, watu wa namna hiyo. Viwanda vilivyoyatengeneza vilikuwa vimeshasahau kama viliwahi kuyatengeneza. Vipuri vilitoka kwa mafundi wadogo wa uchochoroni. Mmoja alichonga bushi, mwingine alikata gasketi. Mwanamvua alitengeneza kipira cha breki, kile kidogo kinachokaa ndani ya silinda ya gurudumu na kuzuia mafuta yasivuje. Ukubwa wake ni kama kifuniko cha soda. Kikipasuka, unakanyaga breki na mguu unazama mpaka sakafuni.

Zamani mashine za kunakili zilikuwa zikitoa vipira hivyo kwa mafungu. Kwa macho havikuwa na kasoro. Kisha gari moja la maonyesho likashuka mlimani na abiria wake, breki zikayeyuka, na hakupatikana mtu hata mmoja wa kuulizwa. Mwenye mashine alisema ni programu, mwenye programu alisema ni mpira, na maiti walikuwa wameshazikwa. Ndipo ikatungwa Sheria ya Mkono Hai: kila kipuri kinachoshika roho ya mtu lazima kiwe na binadamu aliye hai nyuma yake. Mpira ukachanganywa na chembe zinazosikiliza uchakavu, na chembe zikafungwa na bangili ya aliyeutengeneza. Kipira kikichoka, gari linasimama palepale lilipo, bangili inaita, na fundi anaingia kazini siku hiyohiyo. Vya akiba havitengenezwi, kwa kuwa kila silinda imelika kivyake na kila kipira hupimwa kwa silinda yake. Mashine ya kukandamiza nayo haifunguki ila kwa kiganja cha mwenye bangili.

Siku alipovishwa, Mwanamvua alipiga picha na kuitundika ukutani. Mafundi wengine wa vipira walikuwa bado wapo. Kisha mmoja akafa, mwingine akapofuka, wa Nairobi akavuliwa kwa ugonjwa, na kila aliyetoka magari yake yalihamia kwake. Akabaki peke yake. Na sheria, kwa wema wake wote, haikumfikiria mtu aliyebaki peke yake. Mkono wa mwisho haustaafu.

*

Bwana Msagati, afisa wa Idara ya Magari ya Kale, alifika wiki ile kukagua. Alikuwa mtu mpole, mnene kiasi, anayefuta miguu mlangoni hata pasipo na zulia.

"Shikamoo, Bi Mvua."

"Marahaba. Umekuja kunikagua au kunizika?"

"Kukagua tu, mama. Kuzika si idara yetu."

Akamkaribisha kiti na kahawa. Msagati akapima joto la mashine, akakigeuzageuza kipira kipya cha Soni kabla hakijapelekwa, akaridhika. Kisha akaukuta mkate wa kumimina mezani, umekauka, haujakatwa.

"Ulijaribu tena kwenda kwa dada."

"Nilijaribu. Mashavu anasahau watu, Msagati. Alianza na majirani, sasa anawasahau wanawe. Mimi ananikumbuka bado, kwa kuwa mambo ya utotoni ndiyo yanayotoka mwisho. Nataka anione kwa macho kabla sijatoka na mimi. Siombi Maka, naomba Ujiji."

Msagati alizungusha kikombe chake. "Kuna njia. Nilidhani unaijua, maana imetoka kwako."

"Kwangu mimi?"

"Unaikumbuka ile tume iliyokuja kuuliza jinsi kazi inavyorithishwa? Uliwaeleza habari za kilemba."

Alikumbuka sana. Alikuwa amewapikia pilau. Aliwaeleza, kwa fahari zake zote, kwamba kwa mafundi wa pwani mwanafunzi hahitimu kwa cheti. Anatengeneza kitu mbele ya mwalimu, mwalimu akikikubali anapokea kilemba, kitambaa cheupe, na kumpa radhi. Tangu hapo mwanafunzi ni fundi kamili, na mwalimu akipumzika wateja wake wote ni wa mwanafunzi, wala hana ruhusa ya kuwakataa. Wajumbe wa tume walifurahi mno. Walisema mila ziheshimiwe.

"Wameiheshimu," Msagati akasema. "Imeingia kwenye sheria mwaka jana. Kilemba kikipokelewa, au radhi zikitamkwa, mbele ya mashine au bangili, bangili inamhamia mwanafunzi. Kule kukileta mwanafunzi ndiyo ridhaa yake. Hakuna saini. Si siri, mama, ni watu hawasomi."

Mwanamvua aliitazama bangili. Alijisikia mwepesi ghafla, na papo hapo akajisikia vibaya kwa wepesi huo.

"Na mwanafunzi, atavuliwa na nani?"

"Akipata wa kwake." Msagati akainuka, hakumtazama usoni. "Mimi nakueleza kwa kuwa nakuonea huruma. Kama nimekosea kukueleza, unisamehe."

Mchimba kisima huingia mwenyewe, wanasema. Mwanamvua alikuwa amechimba chake na kuwapikia pilau waliomshikia jembe.

*

Na sasa sikia bahati ilivyo na vituko. Siku ya pili yake tu, Mbelwa akaja na mkewe Siwema, wote wawili wamevaa vizuri, wanachekacheka mlangoni.

Mbelwa ndiye mwanafunzi pekee aliyebaki hadi mwisho. Aliingia karakana hiyo hajaota ndevu, sasa ni baba mtu mzima mwenye sauti nzito na mikono inayojua mpira kuliko inavyojua ugali. Mwanamvua hakujaliwa mtoto, na mtu angemuuliza angesema hakukosa.

"Mama, nimepata kazi Songea," akasema. "Kuna karakana ya miguu ya bandia. Wanataka mtu wa kutengeneza mpira wa nyayo na wa magoti, mpira unaojipinda kama nyama. Nimewapelekea niliyotengeneza, wamempa mtoto mmoja, ametembea nayo mpaka shuleni."

"Alhamdulillahi," Mwanamvua akasema, na alikuwa na maana hiyo hasa.

"Lakini siendi hivihivi kama mwizi. Jumamosi alasiri nakuja na mjomba Shekiondo, nakuletea kilemba chako. Siwema amekidarizi mwenyewe."

"Nimejidunga vidole vyote, mama," Siwema akasema. "Usipokipokea nakufunga nacho."

Wakacheka. Mwanamvua naye alicheka, kisha akasema ana maharage jikoni yanaungua, akaenda kusimama jikoni ambako hakukuwa na maharage.

Jioni alimpigia dada yake. Mpwa wake ndiye aliyeshika kioo cha simu, na uso wa Mashavu ukatokea, umekonda, umepakwa wanja vizuri.

"Nani huyu bibi?" Mashavu akauliza.

"Ni Mvua, dada."

"Mvua ni mdogo. Hata meno ya mbele hana." Akakunja uso, akifikiri. "Wewe unamjua? Basi mwambie aje. Naona namsahau, na sitaki. Mwambie awahi."

"Nitamwambia," Mwanamvua akasema. Alizima kioo, akaketi na kulia kwa sauti, kilio chake chote, maana nyumba ilikuwa yake na hapakuwa na wa kumsikia isipokuwa bangili.

Wewe utasema, si amweleze tu Mbelwa? Amwekee mambo wazi, kijana achague. Hata yeye aliliwaza hilo, akaliwaza tena. Lakini alimjua Mbelwa. Mwaka ambao Mwanamvua aliungua kiganja, mashine ikakataa kumfungukia, ni Mbelwa aliyelala hapo karakana akimpaka dawa, akaahirisha harusi yake mwenyewe bila kumwambia mtu sababu. Ukimwambia Mbelwa, "Mwanangu, hiki kilemba kitakufunga hapa maisha yako yote, na kisipotolewa mimi sitamwona dada yangu," hataomba hata muda wa kufikiri. Atasema lete. Kumwambia kulikuwa ni kumwomba. Na kumwomba kulikuwa ni kumfunga kwa kamba nzuri zaidi, kamba ya hiari, isiyomwachia hata mtu wa kumlaumu. Wale watoto wa Songea wangeendelea kutembelea magongo ili mstaafu mmoja aringe na Landrova yake Soni.

Na kukikataa bila sababu je? Mwalimu anayekataa kilemba amesema mbele za watu kwamba mwanafunzi si fundi. Hakuna tusi linalolizidi hilo. Songea hawajali kilemba, wangempokea tu. Ila yeye Mbelwa angejali, na mjomba wake, na wote waliomjua.

Alilala na hayo, akaamka nayo, akashinda nayo mpaka Jumamosi.

*

Walikuja wamependeza. Mjomba Shekiondo alivaa kanzu na koti, akatembea polepole kama anayepeleka posa. Siwema alibeba sinia lenye haluwa, na juu yake kilemba kimekunjwa, cheupe, ukingo wote umedariziwa kwa uzi wa rangi ya dhahabu. Bwana Msagati naye alikuwepo, amealikwa na Mbelwa mwenyewe, amekaa pembeni na kofia magotini. Kwenye kona mashine ilikuwa imewasha taa yake ndogo ya kijani. Inasikiliza.

"Bi Mvua," mjomba akaanza, "ulitupokea mtoto wetu mbichi. Leo tumekuja kuona kama ameiva."

"Karibuni. Na aoneshe kazi," akajibu, maana ndiyo mwanzo wa shughuli na hapakuwa na namna ya kuukwepa.

Mbelwa akafunga aproni juu ya kanzu yake. Alichukua utomvu wa mpira wa Muheza, akauchanganya, akaukanda, akaupima kwa vidole, akautia kwenye kalibu ya kuupa umbo, ile ya zamani ya mkono, ya kabla ya bangili. Joto lilipofika kiasi alifungua kalibu na kukitoa kipira, akakifuta, akakiweka kwenye kiganja cha Mwanamvua.

Alikipindua. Akauvuta mdomo wa kipira taratibu, akauachia, ukarudi mahali pake bila kusita. Akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akakitia mafuta, akakipitisha kwenye silinda ya majaribio, kikateleza na kushika, kikashika sawasawa pande zote. Maisha yake yote hakuwahi kutengeneza kizuri namna ile, na hakuona wivu, aliona raha tupu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshaanza kuliendea sinia. Aliuona ukienda. Ujiji ilikuwa kule mwisho wa vidole vyake, na uso wa Mashavu, na neno moja tu la kusema.

Alichukua kisu cha mezani akakikata kipira katikati.

"Hujahitimu," akasema.

Siwema alicheka kidogo, akidhani ni mzaha, kisha akaacha.

"Bi Mvua," mjomba akasema, "umri wote huu?"

"Mdomo wake ni mnene upande mmoja. Ungevuja."

Mbelwa aliviokota vipande viwili. Alipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa kimoja, akapitisha kwenye cha pili, akarudia. Alikuwa fundi, kidole hakikumdanganya.

"Mama, hauna unene."

"Fundi hapa ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Anaogopa kubaki peke yake," Siwema akasema. "Hamuoni? Anakutaka wewe, Mbelwa, ukae hapa umsukumie mashine mpaka uzeeke kama yeye. Roho ya korosho, hii. Nami nilimdarizia kitambaa changu!"

Msagati pale pembeni aliinamisha kichwa na kuifinyanga kofia yake. Hakusema kitu, na Mwanamvua alimshukuru kwa hilo.

"Siwema, nyamaza," Mbelwa akasema. Akamgeukia mwalimu wake, na hapakuwa na hasira usoni pake. Heri ingekuwepo. "Kama ni kasoro, ni kasoro. Songea watasubiri. Nitakaa, nitafanya tena mpaka uridhike. Nirudi lini, mama?"

Hilo Mwanamvua hakulitarajia. Alijiandaa kwa matusi, kwa mlango kubamizwa, hata kwa laana. Hakujiandaa kwa mtu aliye tayari kujifunga mwenyewe kwa heshima. Angerudi Jumatatu, na Jumatatu nyingine, na kila mara angeleta kipira kisicho na kosa, na iko siku mkono wa mtu mzee ungechoka kukataa. Alijijua. Ilibidi amfukuze leo, na amfukuze kabisa.

"Usirudi," akasema. "Nilikuvumilia kwa kuwa ulikuwa huna pa kwenda. Mkono wa kazi hii huna. Hukuwa nao toka siku ya kwanza, na mimi nilikosa tu roho ya kukuambia. Nenda kwenye miguu yako ya bandia, huko hakuna breki."

Mjomba Shekiondo alisimama, akakung'uta kanzu yake, akatoka bila kuaga, jambo ambalo mzee yule hakuwa amelifanya katika nyumba ya mtu yeyote. Siwema alikinyakua kilemba kwenye sinia, haluwa akaiacha, akamfuata akilia. Msagati naye akatoka kimyakimya.

Mbelwa alibaki mlangoni. Alikuwa amevua aproni na kuitundika kwenye msumari wake. Alivishika vile vipande viwili vya mpira ngumi imefumbwa.

"Sawa, mama," akasema. "Kilemba tukiache. Lakini umenilea. Nisiende mbali hivyo bila radhi zako. Nipe radhi tu, hata kama si fundi."

Neno lilimpanda Mwanamvua mpaka kooni. Lilikuwa jepesi, lilikuwa tayari, alikuwa amelitunza kwa ajili yake tangu alipokuwa kijana asiye na ndevu. Taa ya kijani iliwaka kwenye kona. Bangili ilikuwa baridi kiwikoni, inasubiri. Alifumba mdomo na kulimeza lile neno, na likashuka kama kaa la moto, na Mbelwa akasimama akingoja, kwa sababu aliamini bado kwamba mama hawezi kulinyima.

"Funga mlango," Mwanamvua akasema. "Vumbi linaingia kwenye mpira."

Akamgeuzia mgongo ili asimwone uso. Alisikia mlango ukirudishwa, taratibu, bila kubamizwa. Kisha kitasa kikajaribiwa mara moja kutoka nje, kuhakikisha kimeshika, jinsi alivyomfundisha.